Mbona mabati yanaonekana poa kwenye picha ya setilaiti?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nachora ramani ya joto la Kisumu kwa picha za setilaiti ya Landsat 8. Kule mtaa wa Nyalenda, sehemu zenye mabati mapya zinatoka na nyuzi chache kuliko kiwanja cha udongo kilicho jirani, na mimi nimeishi humo: mchana ni tanuri. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Huenda hesabu yako haina kosa. Jaribu namba ya pikseli moja, yaani kijiraba kimoja cha picha: 45000 ukizidisha kwa 0.00341802, ukajumlisha 149, ukatoa 273.15, upate kama nyuzi 29.7. Ikitoka hivyo, tatizo ni bati lenyewe.

Setilaiti haigusi paa. Inapokea mionzi ya joto inayotoka juu yake, nasi tunakadiria nyuzi kutokana na mionzi hiyo. Udongo na majani huitoa karibu yote inayolingana na joto lao. Bati linalong'aa hutoa kidogo sana, kisha huakisi anga, ambayo kwa mionzi hiyo ni baridi. Ndiyo maana bati linalokuunguza kiganja husomeka poa. Likishika kutu hutoa zaidi, na ramani "inapata joto" hata kama waliomo ndani hawajaona tofauti.

Uwezo huo wa kutoa mionzi huitwa emisiviti. Data uliyopakua ikiwa tayari imechakatwa imeukadiria kwa kutegemea picha za ASTER, kifaa cha setilaiti nyingine, za 2000 hadi 2008, kwa hiyo paa la mwaka jana halimo. Tena bendi ya joto, yaani aina ya mionzi inayoonyesha joto, hupimwa kwa vijiraba vya mita 100. Hizo mita 30 unazoziona ni mgawanyo wa baadaye. Pikseli moja imebeba mapaa, kichochoro, mtaro na mwembe wa jirani. Usiitumie kusemea nyumba moja.

Ukitaka kuonyesha uoto pia, chukua picha za setilaiti ya Sentinel-2 zenye mita 10: bendi ya 8 (infraredi ya karibu) toa ya 4 (nyekundu), gawa kwa jumla ya zote mbili. Lakini kata ziwa kwanza! Magugu maji ya Ghuba ya Winam husomeka kijani kama bustani za mtaa wa Milimani. Na linganisha Januari na Januari, si Januari na Mei, masika yakiwa yameotesha kila kitu.

Halafu nenda kwa miguu. Landsat hupita kwenu baada ya saa nne na nusu asubuhi, kwa hiyo joto la alasiri na la usiku hailioni. Omba wenyeji wakuruhusu utundike kipimajoto chini ya paa Nyalenda, kingine kivulini Milimani, usome vyote saa hiyo, saa tisa alasiri, na tena saa tatu usiku watoto wakienda kulala.