Usiandike "Zawadi": boksi la kwenda ng'ambo linavyokwamia kwenye fomu

Boksi lilikuwa na kilo mbili za kahawa ya Mbozi iliyokaangwa na kusagwa, pakiti nne za majani ya chai ya Tukuyu, kikapu cha milulu nilichonunua Iringa, na chupa ya asali niliyoiviringisha kwenye doti ya kanga isije ikavunjika njiani. Nililifunga mwenyewe sebuleni kwangu hapa Mbeya, nikalizungushia selotepu kona zote, nikalipeleka posta Jumatatu asubuhi. Mdogo wangu alikuwa Ujerumani, anaingia kwenye baridi yake ya kwanza, na nilitaka aonje nyumbani.

Dirishani nikapewa fomu ya forodha. Pale panapoulizwa vitu vilivyomo nikaandika neno moja tu: Zawadi. Kwenye thamani nikaandika dola 5, maana jamaa mmoja wa mizigo hapa mjini alikuwa ameniambia, "Andika kidogo, wasije wakamtoza." Nikasaini, nikalipa, nikaondoka moyo mweupe.

Wiki kadhaa zikapita, ndipo simu ikaja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Boksi umelipata?"

"Limefika huku ila sijapewa. Nimeletewa barua ya forodha, natakiwa niende mwenyewe na kitambulisho na uthibitisho wa bei. Kwani umeweka nini humo?"

Alikosa vipindi vya nusu siku. Boksi likafunguliwa mbele yake, kitu kimoja kimoja kikawekwa mezani. Ofisa aliponyanyua kanga akamuuliza kama nazo ni bidhaa au ni za kufungia tu, kwa sababu hazikuandikwa popote. Mdogo wangu hakujua ajibu nini. Hakujua kama nilimpelekea azivae au nilikuwa nalinda chupa. Dola 5 kwa vitu vyote vile hakuna aliyeikubali. Na kahawa ikawa na kesi yake peke yake: Ujerumani inatoza kodi maalumu ya kahawa, euro 2.19 kwa kila kilo ya iliyokaangwa, na kwenye zawadi wanasamehe gramu 500 tu. Mimi nilituma mara nne yake. Akalipa kwa hela yake ya matumizi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Tangu siku hiyo nimetuma maboksi mengi, yangu na ya majirani wanaokuja kuniomba niwajazie fomu. Neno ninalowaambia kwanza ni hili: "zawadi" ni sababu ya kutuma, siyo kitu kilichomo. Fomu ina kisanduku chake cha kutia alama kwamba ni zawadi. Mstari wa maelezo unauliza jambo jingine kabisa: ni nini, kimetengenezwa kwa nini, vipo vingapi, vina uzito gani. "Nguo" haitoshi. Andika "fulana za pamba za mtoto, 3". "Chakula" hakitoshi. Andika "kahawa iliyokaangwa na kusagwa, pakiti 2 za gramu 250". Na uandike kwa Kiingereza, Kifaransa au lugha ya kule linakokwenda, kwa sababu atakayesoma hajui milulu ni nini. Kikapu changu siku hizi nakiita kikapu cha mkono cha majani makavu, kwa Kiingereza, na hakijawahi kuulizwa tena.

Watu wengi wanadhani fomu ni karatasi tu ya kubandika juu ya boksi. Zamani labda. Kuanzia Januari 2021, kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinataka maelezo ya vifurushi vyenye bidhaa yatumwe kwa kompyuta kabla mzigo haujafika, na mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukaanza kuyachambua mapema kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo unachoandika karani anakiingiza kwenye mfumo, kinatangulia, boksi linafuata. Neno lisiloeleweka linaweza kusimamisha mzigo kabla yeyote hajauona. Ndiyo maana nasema andika kwa herufi kubwa zinazosomeka, na kama kuna foleni nyuma yako usikubali kuharakishwa. Mimi najazia nyumbani kwenye karatasi ya kawaida kwanza, nikiwa na mizani ya jikoni, halafu nikifika dirishani ninanakili tu.

Fomu zenyewe ni mbili. CN22 ni ile ndogo, ya mizigo ya thamani ndogo. CN23 ni ndefu zaidi, ya thamani kubwa na vifurushi vizito. Karani atakupa inayofaa, lakini ukiikuta ndefu usiogope, maswali ni yaleyale kwa upana zaidi. Kuna sehemu ya namba ya bidhaa, tarakimu sita zinazoeleweka dunia nzima. Kahawa iliyokaangwa ni 0901.21, chai nyeusi kwenye pakiti ndogo ni 0902.30, asali ni 0409.00. Anayeuza anatakiwa kuziweka. Mimi huziweka hata kwenye zawadi, kwa sababu namba haihitaji tafsiri.

Kuhusu thamani, nawasihi msidanganye. Andika bei uliyonunulia, taja na sarafu, na omba risiti hata dukani pa mtaani. Ukiandika dola 5 na boksi likapotea, utadai fidia ya nini? Isitoshe ukweli mara nyingi hauna gharama. Zawadi kutoka mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi katika nchi za Umoja wa Ulaya haitozwi kama haizidi euro 45, ukiacha vitu vyenye kipimo chake kama ile kahawa. Uingereza kikomo ni pauni 39. Marekani zawadi husamehewa hadi dola 100. Ule msamaha mkubwa wa Marekani kwa bidhaa za hadi dola 800 uliisha tarehe 29 Agosti 2025, kwa hiyo anayewauzia vikapu wateja wa kule asitegemee tena ushauri wa miaka ya nyuma.

Kisha kuna vitu ambavyo karatasi nzuri haiviokoi. Nyama na maziwa ya aina yoyote usipeleke Ulaya, hata siagi ya bibi, watavitupa. Asali ya matumizi binafsi inapita hadi kilo 2, na samaki wakavu nao wanaruhusiwa, kwa hiyo usipa wa Kyela una nafasi yake. Parachichi, hata liwe zuri namna gani kutoka Rungwe au Njombe, linataka cheti cha afya ya mimea, na hapa kwetu cheti hicho kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kwa matunda matatu ya zawadi haina maana kuhangaika. Manukato, rangi ya kucha na betri za akiba za simu acha nyumbani, maana boksi linakwenda kwa ndege na vitu hivyo ni vya hatari humo.

Jambo dogo ambalo lilitusumbua mara ya pili ni jina. Ujerumani mleta barua anatafuta jina lililoandikwa kwenye kengele ya mlango. Mdogo wangu alikuwa amepanga chumba kwa mtu, na jina lake halikuwepo. Muulize mpokeaji wako jina gani limeandikwa pale, kisha uweke na simu yake na barua pepe.

Boksi la mwezi uliopita lilikuwa na mistari minne: kahawa gramu 500, sh. 20,000, chai pakiti 4, sh. 12,000, kikapu kimoja, sh. 25,000, na kanga, vitambaa vya pamba vya kujifunga, doti moja, sh. 15,000. Nakala ya fomu niliiweka ndani, juu kabisa, na risiti nikaipiga picha. Lilipelekwa moja kwa moja mpaka mlangoni kwake, na kanga amezitundika ukutani.