Laini ya Safu Ibaki Nyumbani

Wadogo zangu mnaoanza kuandika safu, mhariri atawafundisha urefu wa makala na saa ya kuituma. Habari ya namba ya simu inayochapwa chini ya jina lako hatakugusia. Gazeti la Jumamosi likishaingia mtaani, hujamaliza chai meseji zimeanza. Mmoja anashukuru, mwingine anaomba umtafutie kazi, mwingine anataka vocha. Halafu wapo wa kukuita mbumbumbu, chawa, au mtu aliyehongwa.

Mgeni wa kazi hii huzisoma zote palepale, kisha anaijibu ile mbaya kuliko zote. Usifanye hivyo. Nunua laini ya pili, uiweke kwenye kitochi cha bei ndogo, na namba hiyo ndiyo ichapwe gazetini. Jumamosi kitochi kibaki kabatini hadi Jumatatu asubuhi. Wasomaji wako hawatakufa, na wewe pia hutakufa, ingawa wiki za mwanzo utahisi mkono unakuwasha.

Mimi Jumamosi asubuhi ni mtu wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza. Nanunua sato aliyetoka mtumbwini, nazunguka kwenye magunia ya dagaa ambako wanunuzi hutoka hadi Kongo, nasikiliza wanavyovutana bei. Pamba Jiji ikiwa nyumbani, jioni inanikuta uwanjani. Jumapili baada ya ibada navuka kwa boti kwenda kisiwa cha Saanane, safari ya dakika chache tu, nikae nikiangalia pimbi wanavyoota jua juu ya mawe. Nyumbani kuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Raha za kawaida kabisa, hazihitaji mshahara mnono, jambo ambalo ni heri maana kwenye safu hamtaupata.

Mtu aliyeshinda Jumapili nzima akibishana na asiyemjua, Jumatatu hana cha kuandika ila hasira zake, na wasomaji huzinusa toka aya ya kwanza. Tena hizo raha ndizo ghala lenu. Pale Mwaloni ndipo nilipoelewa kwa nini dagaa hupanda bei mbalamwezi ikiwa kubwa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga, na mwezi ukiangaza ziwa zima taa haiwavuti tena. Wavuvi wengi hupumzika, mzigo sokoni unapungua. Nikaliandika hilo. Akatokea msomaji mmoja wa mbali na ziwa, akaniita mshirikina ninayelipwa kueneza uchawi magazetini.

Jumatatu nikampigia. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu vijana wengi hujibu matusi kwa maandishi, na maandishi hayana sauti. Ukipiga simu unaanza na salamu, na salamu yetu ina nguvu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Yule mshirikina wa dagaa."

Kimya. Kisha akacheka, akaniuliza habari za nyumbani na za mvua huku Mwanza. Nilipomweleza mambo ya taa na mwezi akasema, "Sasa mbona hukuandika hivyo?" Nilikuwa nimeandika, aya ya nne. Sikumkumbusha. Mzee aliyekwisha kuitikia marahaba ni vigumu kukutukana tena, na huyu mpaka leo hunitumia meseji za kuuliza bei ya sangara. Si kila mmoja atakuwa hivyo. Wapo wanaokata simu, na wapo wanaoongeza tusi jingine juu. Ukishapiga mara moja, imetosha.

Kabla ya kupiga, lakini, vueni meseji matusi yake mwone kinachobaki. Kijana mmoja niliyekuwa namsimamia aliandika kwamba Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 1964. Msomaji akamwandikia: "Mpumbavu, umesoma wapi?" na chini yake, kwamba 1964 ilianza kama bustani ya wanyama na hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja 2013. Kijana alikasirika siku mbili kwa lile neno la kwanza, na tarehe hakuziona kabisa. Msomaji alikuwa sahihi. Tulichapa masahihisho toleo lililofuata, tukamshukuru. Ukiondoa matusi na kisibaki kitu, futa, nenda kazini.

Kama bado tusi linakuuma, mwezi Juni nenda Bujora, Kisesa, kwenye ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Nyimbo za kukejeliana zimo, tena kali. Ila mtazameni manju, kiongozi wa ngoma, anayekejeliwa: haachi watu wake kwenda kubishana ng'ambo ya pili. Akienda, watu nao watamfuata, na wataongeza umati wa mpinzani. Anatunga wimbo mwingine, anaongeza madoido, nyoka akiwepo anatolewa. Nimewaona waandishi hodari wakigeuza safu nzima kuwa majibu kwa msomaji mmoja, wakamkusanyia umati ambao asingeupata maisha yake yote.

Wapo pia wanaodai umewakosea kweli, wamechafuliwa jina au wamenukuliwa vibaya. Hao msiwachukulie kama watukanaji hata wakifoka. Waelekezeni kwa mhariri, na waambieni wazi kwamba wasiporidhika Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko ya wasomaji.

Vitisho ni habari nyingine kabisa. Anayesema anajua unapokaa, au anayetaja watoto wako, hapigiwi simu na hasalimiwi. Usifute ujumbe hata kama unakutia kinyaa. Piga picha ya kioo cha simu ikionyesha namba na tarehe, mwonyeshe mhariri siku hiyohiyo uliyousoma, kisha mwende wote wawili polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na ofisini kwenu lazima pawe na mtu anayejua polisi waanzie wapi. Kama hayupo, muulizeni mhariri kabla hamjakubali namba zenu zichapwe.