Kwa nini kivuko cha mfereji wa Kiel hakina nauli

Umeuliza kama kile kivuko cha bure cha Kiel, Ujerumani, ni ofa kwa watalii. Hapana, ndugu yangu, ni haki ya wenyeji tangu enzi za Kaiser, mfalme mkuu wa Ujerumani. Mfereji ulianza kuchimbwa 1887, ukafunguliwa 1895, karibu kilomita 98 kutoka Bahari ya Kaskazini hadi Baltiki, na ukakata barabara zilizokuwepo kabla yake. Aliyekukatia njia ndiye akuvushe: serikali ikabeba mzigo huo, na mpaka leo vivuko vyote vya mfereji ni bure.

Hicho ulichouliza, cha kati ya Wik na Holtenau, mitaa miwili ya Kiel, huchukua waenda kwa miguu na baiskeli tu. Daraja lipo jirani, ila limeinuliwa sana kwa sababu meli zinahitaji mita 42 za kupita chini yake, kwa hiyo kulipanda kwa miguu ni kazi. Kivukoni unasukuma baiskeli yako ndani, na baada ya dakika chache uko ng'ambo. Meli kubwa ikiwa inapita, mnasubiri.

Ukipata nafasi, fika na Rendsburg, mji mwingine kando ya mfereji huo. Pale kivuko kinaning'inia kwa nyaya chini ya daraja la reli la 1913, kikipita juu kidogo tu ya maji! Kiligongwa na meli Januari 2016, kikaundwa kipya, kikarudi kazini 2022. Nashukuru sana hawakukiacha kife. Nacho hakina nauli.