Ritha ya nywele: povu, macho na samaki

Dada, nimekuelewa: umenunua ritha (yale matunda makavu yanayotoa povu kama sabuni) Ngara, povu halitoki, macho yanakuwasha, na unataka kumwaga maji yaliyobaki kwenye tangi lako la tilapia. Hilo la mwisho liache kabisa. Saponini, zile kemikali za ritha zinazotoa povu, huharibu matamvua ya samaki, na kiasi kisichomdhuru mtu kinaweza kuwaua wao. Mwaga chooni au kwenye sinki.

Povu halitoki pengine kwa sababu unachemsha tunda zima. Saponini zimo kwenye ganda. Pasua, tupa mbegu, loweka maganda 8 hadi 10 katika nusu lita ya maji usiku kucha. Asubuhi chemsha kwa moto mdogo dakika 15 (sufuria isijae, la sivyo utapangusa jiko asubuhi nzima). Yakipoa, yafikiche kwa mkono, uchuje kwa kitambaa. Chujio la chai hupitisha vipande vinavyonasa nyweleni. Weka kwenye friji na utumie ndani ya wiki moja, maana huchacha. Povu lake ni jepesi kuliko la shampuu, usilifukuzie kwa kuongeza maganda. Utakausha ngozi ya kichwa bure.

Paka maji hayo kidogo ndani ya kiwiko kwanza, ungoje siku moja uone kama ngozi itawasha. Ukiosha, inamisha kichwa nyuma. Povu likiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15. Maumivu au ukungu ukibaki, nenda kliniki ya macho.

Mtoto akimeza ritha, usimtapishe: povu linaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali, ubebe na maganda yenyewe.