Maswali ya Wazazi: Honi za Feri, Sahani ya Vyakula Vitatu na Mjukuu Asiyesema

Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Tukifika kwenye feri, au tukipanda matatu yenye muziki, huziba masikio, hujitupa chini na kupiga mayowe mpaka watu wanatuzunguka. Wapo wanaoniambia nimchape kidogo atanyooka. Na kila mwezi sina budi kuvuka kumpeleka kliniki. Nifanyeje? — Mama, Likoni

Usimchape, mama. Mtoto anayedeka hulia huku akichungulia kama unamwona, na akipewa anachotaka hunyamaza. Wako hata ukimpa peremende hanyamazi, kwa sababu hadai kitu, anaumia. Wewe ukisimama kwenye feri, dakika chache tu ubongo umeshaizoea ile kelele na kuiweka kando. Kuna watoto, wakiwemo wengi wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisia), ambao ubongo wao hauzoei hivyo. Kila honi humwingia upya kwa nguvu ya ile ya kwanza, na juu yake kuna joto, harufu ya dizeli na watu wanaomgusagusa kwa jasho. Ndiyo maana leo anavumilia na kesho anashindwa na jambo dogo: kama hakulala vizuri au hajala, uwezo wake wa kustahimili umeshapungua kabla hamjatoka nyumbani.

Anza na saa. Omba kliniki ikupe nafasi ya saa tano asubuhi, ili muvuke baada ya msongamano wa wanaokwenda kazini na murudi kabla ya ule wa jioni. Ndani ya feri kaeni pembeni penye upepo, yeye akiwa upande wa ndani nawe upande wa maji, umemshika mkono barabara.

Kisha nunua vifuniko vya masikio, vile vinavyovaliwa na mafundi kwenye mashine. Maduka ya vifaa vya ujenzi huviuza. Chagua vyenye utepe unaorekebishika, visimbane kichwa. Mzoeze nyumbani kwanza, dakika mbili tatu akiwa anacheza. Siku ya safari mvalishe kabla ya kelele kuanza. Ukisubiri mpaka ameshaanza kulia, atavirusha, nawe utadhani havifai. Mkishatoka kwenye kelele, mvue. Wazazi wengi hukosea hapa: mtoto akishinda navyo kutwa, masikio huzidi kuwa mepesi na hata mlio wa kijiko unamkera.

Matatu mpeleke hatua kwa hatua. Siku ya kwanza msimame mbali kidogo na stendi, mtazame magari, murudi. Baadaye apande gari lililosimama, kisha mwende kituo kimoja na kushuka. Hatua ikipita kwa utulivu mara tatu mfululizo, songa mbele. Ikishindikana, rudi nyuma moja. Shuka angali mtulivu, kwa sababu mwisho wa safari ndio anaoukumbuka. Mwambie kondakta mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba mtoto huumizwa na muziki. Wengi wakielezwa hupunguza.

Akishapasuka, punguza maneno. Usimuulize "una nini?" wala usimhubirie. Mtoe pembeni, mkingie kichwa asijigonge, simama kati yake na watu, ngoja. Akitulia mpe maji, na siku hiyo usimwongezee safari nyingine.

Kelele rahisi zaidi ya kumfundishia ni adhana, kwa kuwa wakati wake unajulikana. Dakika tano kabla mwambie, "Sasa hivi itaadhiniwa," mkae pamoja mahali pamoja kila siku. Sauti inayotarajiwa haishtui kama ile ya ghafla.

Nimeona mtandaoni blanketi zito la kuwalaza watoto kama wangu. Ninunue? — Mama, Tudor

Kwa joto la Mombasa, hapana. Na kwa mtoto mdogo, au yeyote asiyeweza kulivua mwenyewe, blanketi hilo linaweza kumziba pumzi. Uzito anaoutafuta mwili wake mpe mchana na jioni kwa kazi: akande unga wa chapati, asukume mtungi wa lita tano uliojazwa nusu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, avutane nawe kwa leso (kanga) iliyosokotwa. Dakika kumi hadi kumi na tano kabla ya kuoga zinatosha. Ukipenda, mviringishe kwenye leso kuanzia mabegani, uso na kichwa viwe nje, akiwa macho nawe ukiwa karibu, kwa dakika chache, kisha mfungue. Asilale ndani yake.

Tazama na chandarua. Cha mviringo hushuka na kumgusa uso usiku kucha. Cha mraba kilichofungwa pembe nne hukaa mbali naye. Kuna watoto waliolala vizuri kwa badiliko hilo tu.

Binti yangu wa miaka mitatu hula chipsi, chapati na chai ya maziwa, basi. Akiona wali anatapika. Mamangu humshika kichwa na kumlisha kwa nguvu. — Baba, Majengo

Kulishwa kwa nguvu kukome leo, baba, na umwambie mama kwa heshima zote. Anaweza kupaliwa, na kila tonge la nguvu humfundisha kwamba sahani ni kitu cha kuogopa.

Angalia vyakula anavyovikubali. Chipsi na chapati ni vikavu, ni vya rangi ya kahawia, na kila tonge ni sawa na lililotangulia. Wali wenye mchuzi una punje, umajimaji, kipande laini hapa na kigumu pale. Mdomo wake haujui kitakachofuata, ndiyo maana koo inakataa. Si maringo.

Kabla ya chakula kipya, shughulika na chai. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na maziwa yakizidi karibu nusu lita kwa siku hushibisha tumbo bila kumpa madini hayo. Chai ikae mbali na mlo, walau saa moja. Omba kliniki impime damu, hasa kama anakula udongo, mkaa au rangi ya ukuta. Tabia hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Uliza pia kuhusu choo. Mtoto aliyefunga choo siku tatu hana njaa, na hakuna mbinu ya mezani itakayomsaidia.

Sasa mpeleke kwenye chakula jirani, badiliko moja kila mara. Chipsi zilezile, ila nene zaidi. Kisha viazi karai bila pilipili, kisha muhogo wa kukaanga uliolainika kwanza kwa kuchemshwa. Baadaye samaki aliyetolewa miba yote, akakatwa vipande kama vidole, akavingirishwa kwenye unga na kukaangwa mpaka awe mkavu kwa nje. Kipya kiwe kidogo kama punje ya hindi, kwenye kisahani chake, pembeni ya chakula anachokipenda. Leo akiangalie, kesho akinuse, kesho kutwa akiguse kwa ulimi. Kutema kunaruhusiwa. Huenda mkahitaji kukiweka mezani mara kumi na tano au zaidi kabla hajakimeza.

Kitu kipya usikifiche ndani ya chapati. Akikigundua, na watoto hawa hugundua, ataiacha na chapati yenyewe, mbaki na vyakula viwili.

Miguu yake isining'inie. Weka kibao chini ikanyage, kwa kuwa mwili usiotulia hutafuna vibaya. Mlo uishe ndani ya nusu saa, sahani iondolewe bila maneno, na mpaka mlo unaofuata apewe maji tu, isipokuwa chai yake ikifika saa yake. Akipungua uzito, akikohoa anapokunywa, au orodha ya vyakula ikizidi kupungua, mpeleke hospitali ya rufaa ya Coast General na uulizie "OT". Ndivyo wanavyowaita wataalamu wa tiba ya shughuli za kila siku.

Mjukuu wangu ametimiza miaka mitatu hasemi, hunivuta mkono tu. Wapo wanaosema amekaliwa na kitu, wengine akatwe kimeo, na babake asema hata yeye alichelewa. Lakini anasikia, maana nikifungua pakiti ya biskuti hukimbia. — Bibi, Kisauni

Shikamoo bibi. Dua msomee, haikatazwi. Kimeo msimkate: hakumfanyi mtoto aseme, na kunaweza kumletea damu nyingi na maambukizi. Wala msingoje kwa sababu babake alichelewa. Mtoto asiye na neno hata moja akiwa na miezi kumi na sita, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, anahitaji kuangaliwa. Aliyekuwa na maneno akayapoteza apelekwe mara moja, umri wowote.

Hiyo pakiti ya biskuti, bibi, si kipimo. Mtoto anaweza kuusikia mkwaruzo wake na asiipate vizuri sauti ya "s" au "f" ndani ya maneno. Wengine hukaa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua na kuumwa masikio, wiki hii wanasikia, wiki ijayo hawasikii. Kwa hiyo kwanza apimwe masikio kwa mashine. Halafu apelekwe kituo cha tathmini ya watoto, EARC. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilipo cha karibu.

Nyumbani, huko kukuvuta mkono ni kusema. Kupokee. Anapokuvuta kwenye maji, shika kikombe kando ya uso wako, sema "maji", kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Sisi watu wazima hujaza ukimya haraka mno, na mtoto hapati zamu yake. Mpe cha kuchagua, ndizi mkono huu na embe mkono ule. Biskuti ziweke kwenye kopo linaloonyesha ndani lenye kifuniko kigumu, ili awe na sababu ya kukujia.

Piga picha za kikombe chake mwenyewe, kiatu chake, choo chenu. Kwenye saibakafe zichapishwe ukubwa wa kiganja na kutiwa plastiki. Anza na mbili, awe anakupa ya kitu anachokitaka. Picha hazimfanyi mvivu wa kusema. Wengi huanza kusema wakiwa nazo mkononi. Na mwongeleshe lugha yako ya nyumbani, iwe Kiswahili au Kigiriama. Lugha mbili hazicheleweshi mtoto.

Wangu huchopoka mlango ukiwa wazi na kukimbilia pwani. — Mama, Bamburi

Hili tungependa ulishughulikie leo hii. Watoto wenye usonji wengi huvutwa na maji, na wanaopotea nyumbani wanaokufa, wengi hufa maji. Weka komeo juu kabisa ya mlango, asipolifikia, lakini watu wazima wote wa nyumbani walijue kwa ajili ya moto. Kisima kiwe na kifuniko cha kufuli, ndoo na madebe yamwagwe. Andika nambari yako ya simu kwa kalamu isiyofutika ndani ya shati, upande wa mgongo. Waonyeshe picha yake majirani, wenye vibanda na wavuvi wa karibu, na waeleze kwamba akiitwa huenda asiitike.

Akipotea, majini kwanza: kisima, bwawa, ufuo. Chini ya kitanda na kwa jirani baadaye. Mtafutie mwalimu wa kuogelea pia, ila kujua kuogelea kusikufanye ulegeze komeo.

Mimi ni kinyozi. Naletewa watoto wanaopiga mayowe mashine ikiwaka. Nawanyoaje? — Kinyozi, Mji wa Kale

Ahsante kwa kuuliza. Mpange awe wa kwanza asubuhi, redio ikiwa imezimwa, akae mapajani pa mzazi. Mguso mwepesi huwakera watoto hawa kuliko mzito, kwa hiyo kabla ya kuanza kandamiza kichwa chote polepole kwa viganja. Washa mashine mbali naye, isogeze kidogo kidogo, kisha mgongo wa mashine uguse mkono wa mtoto aujue mtetemo. Tia mafuta kwenye meno ya mashine. Kavu hupata moto na kuvuta nywele, na hapo huwa analia kwa maumivu kweli. Hesabu kwa sauti hadi kumi na usimame ulivyoahidi, hata kama zimebaki tatu. Nywele za shingoni zifute kila mara kwa kitambaa laini kilicholowa, si kwa brashi. Ukimaliza nusu kichwa akashindwa, mwache aende na nusu, amalizie kesho, bila kumtoza mzazi mara mbili.