Siku gesi yangu ilipoisha

Wadogo zangu mnaoanza kanuni za gesi, nikiwa kidato cha tatu niliwahi kupata jibu la ujazo 0. Gesi ya sm³ 400, yote imekwisha! Nikalipigia mstari mara mbili na kukusanya karatasi kwa kujiamini kabisa.

Swali lilisema: gesi ina ujazo wa sm³ 400 kwenye nyuzi 27 za Selsiasi na kanieneo la mm 750 za zebaki; tafuta ujazo wake kwenye nyuzi 0 na mm 760. Kanuni niliijua kama jina langu: P₁V₁/T₁ = P₂V₂/T₂, yaani P ni kanieneo, V ni ujazo, T ni jotoridi, 1 ni mwanzo na 2 ni mwisho. Nikaweka 0 kwenye T₂, basi. Selsiasi 0 ni barafu inayeyuka tu, joto halijaisha hapo. Ongeza 273 kwanza upate kelvini, kipimo kinachohesabu kuanzia pale joto linapoisha kabisa: 27 inakuwa 300, 0 inakuwa 273.

Siku hizi sishiki kikokotoo kabla sijajua jibu litaelekea wapi. Kanieneo limepanda kutoka 750 hadi 760, gesi inabanwa, ujazo unapungua. Namba ndogo inakaa juu: 750/760. Jotoridi limeshuka, gesi inasinyaa. Hapo pia ndogo juu: 273/300. Kwa hiyo 400 × 750/760 × 273/300, kama sm³ 359. Ukipata 445 umezigeuza zote mbili, na hata kabla ya kusahihishiwa ungejua, maana jibu lilipaswa kuwa chini ya 400.

Vizio vya kanieneo vifanane pande zote mbili, na gesi isivuje. Hapo sina la kuongeza.

Tairi ndilo linalowanasa hata wanaojua. Asubuhi, hewa ikiwa nyuzi 27, fundi pancha anajaza upepo, geji inasoma paundi 30. Barabarani tairi linafika nyuzi 57. Halitanuki sana, kwa hiyo V zinakatana. Wengi watazidisha 30 × 330/300 wapate 33. Lakini geji husoma ziada tu juu ya kanieneo la hewa ya nje, ndiyo maana hata tairi la pancha lililolala kabisa linasoma 0 ilhali ndani bado mna hewa. Hewa ya nje ni kama 14.7 kwa vipimo hivyo hivyo vya paundi. Jumlisha: 44.7. Zidisha kwa 330/300: 49.2. Toa 14.7, geji itasoma kama 34.5. Dereva akipunguza upepo hapo njiani ili irudi 30, kesho asubuhi atalikuta tairi limelegea.