Gitaa la umeme kuwa besi: usilikate kwanza

Kaka, hilo gitaa lenye uwazi ndani unalotaka kuligeuza besi ya kwaya hapo Moshi, naomba fundi asiliguse bado. Shida kubwa ni urefu wa uzi kutoka nati (kijiti chenye mifereji ya nyuzi juu ya shingo) hadi daraja (kipande cha kushikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa). Magitaa mengi ya aina hiyo yana inchi 24.75 hivi, besi ya kawaida 34, na hata besi fupi huwa na 30. Ukifunga nyuzi za besi hapo ukashuka hadi E ya chini, yaani noti nzito kuliko zote za besi, zinalegea, zinagonga freti (vyuma vya kwenye shingo), na sauti inavurugika.

Halafu angalia unene: uzi mnene wa gitaa ni kama milimita 1.2, wa besi hufika 2.7. Huo wa besi haupiti kwenye tundu la kifunguo cha kukazia uzi, na mfereji wa nati lazima upanuliwe kwa tupa. Ukishapanua, kurudi kwenye gitaa ni kununua nati mpya. Pikapu, yaani sumaku za kunasa sauti ya nyuzi, pekee ndizo hazina neno, zitaunasa mlio.

Kwa ibada za sasa tumia pedali ya kushusha oktavu (kifaa cha kukanyaga kinachoshusha sauti ya gitaa iwe nzito kama ya besi), upige noti moja moja. Ila pitishia kwenye amplifaya ya besi au mixer ya kanisa; spika ndogo ya gitaa ukiifungulia sana itachanika.